Supu ya tambi ya Kivietnam yenye kamba: cha kununua Mombasa na cha kuacha

Anayetaka kupika supu hii nyumbani hapa Mombasa hana haja ya kuzunguka mji mzima. Kotmiri, nanaa, ndimu, tangawizi, thomu na pilipili vimejaa kwenye masoko ya Marikiti na Kongowea. Vinavyotaka jicho kali ni kamba, tambi za mchele na sosi ya samaki, na kati ya hivyo pesa yako iende kwanza kwa kamba wenye vichwa. Tambi za bei ya kati zinatosha.

Kamba wa paketi waliokwisha kumenywa tunawapa alama ya chini kabisa kwa pishi hili. Kwa sambusa au wali wa kukaanga sawa, lakini ladha ya supu haitoki kwenye nyama. Inatoka kwenye maganda na kwenye yale mafuta ya rangi ya chungwa yaliyo kichwani. Kichwa kikishatupwa kiwandani, unachopika ni supu ya kuku iliyopambwa kamba juu. Geuza paketi usome nyuma. E451 ni fosfati inayomfanya kamba ashike maji mengi, ndiyo maana akiingia sufuriani anayatoa yote na kusinyaa. E223 ni salfaiti ya kuzuia weusi. Mwenye pumu aiepuke. Halafu kuna barafu iliyowafunika: kilo ambayo asilimia 20 yake ni barafu, kamba wake ni gramu 800 tu.

Nenda soko la samaki la Mji wa Kale asubuhi, na uende na chombo chenye barafu, kwa sababu kamba na joto letu hawapatani hata kwa saa moja. Chagua wa kati, 30 hadi 40 kwa kilo. Wale wakubwa ni wa kuchoma, bei yao haiongezi kitu kwenye supu. Tazama pale kichwa kinapoungana na mwili: pawe pamekaza na pang'avu. Kichwa kikilegea chenyewe, au shingo ikiwa nyeusi, kamba huyo amekaa. Weusi peke yake si sumu, ni vimeng'enya vya kamba mwenyewe vikifanya kazi kwenye hewa, ila unakuambia kwamba muda umepita, na mafuta ya kichwani ndiyo yanayotangulia kuharibika. Ukisikia harufu ya amonia, usinunue hata kwa nusu bei. Wakati wa kusi, bahari ikichafuka na vyombo vidogo vikashindwa kutoka, kamba huadimika. Hapo chukua waliogandishwa wazima na vichwa vyao, uwayeyushe ndani ya friji usiku kucha.

Kwa watu wanne nunua gramu 800 za kamba na kilo moja ya migongo na shingo za kuku. Kule kusini mwa Vietnam supu ya tambi iitwayo hủ tiếu huanza na mifupa ya nguruwe. Kuku anaishika nafasi hiyo vizuri, na ladha ya kamba inajitokeza hata zaidi. Chemsha mifupa dakika 5, mwaga maji yote, ioshe kwa mkono mpaka damu iliyoganda itoke, ndipo uiteleke upya kwa lita 2 na nusu za maji. Vitunguu maji 2 na kipande cha tangawizi cha gramu 40 vichome juu ya makaa mpaka viungue nje, vikwangue, vitie ndani. Moto mdogo kwa saa moja na nusu. Supu ikitokota kwa nguvu, mafuta na povu huchanganyika na maji, na weupe huo wa maziwa hauchujiki tena.

Wakati mifupa iko motoni, shughulikia kamba. Kwa mkasi kata ncha ya mbele ya kichwa pamoja na macho, maana uchungu na mchanga uko hapo. Menya, na utumbo mweusi uutoe mgongoni kwa kijiti cha meno. Vichwa na maganda vikaange kwa vijiko 2 vya mafuta na punje 4 za thomu, ukivikandamiza kwa mwiko, dakika 6 hivi, mpaka mafuta yenyewe yawe mekundu. Rangi hiyo inafichwa na protini kamba akiwa mbichi. Joto ndilo linaloiachia. Mimina nusu lita ya maji, pika dakika 20, basi. Ukizidisha, maganda yanaleta ladha ya chokaa. Chuja kwa kitambaa, ukamue sawasawa, uchanganye na supu ya kuku iliyochujwa.

Hapa mkono wa mpishi wa Pwani utatamani tui. Uzuie. Supu hii huwa nyepesi, unaona mpaka chini ya bakuli. Utamu wake utoke kwenye kikombe kimoja cha maji ya dafu, ambayo wapishi wa kusini mwa Vietnam nao huyatumia kwenye mapishi mengi. Mdalasini na karafuu ziache pia. Hizo ni za phở, ile supu nyingine ya tambi ya Kivietnam, ya nyama ya ng'ombe; kwa kamba zinafunika kila kitu.

Sosi ya samaki: chupa nzuri inaandika dagaa na chumvi, pengine na sukari kidogo, na kwisha. Nambari yenye herufi N ni gramu za nitrojeni kwa lita, yaani kiasi cha protini iliyotoka kwenye samaki; 30 na kuendelea ndiyo ya kununua. Tia vijiko vikubwa 3 mwishoni, onja, ndipo ufikirie chumvi. Ukitia chumvi kwanza utaharibu.

Kwenye tambi, kosa la kawaida ni kuchukua zile za ngano za kupikia tambi za sukari. Hizo zinalainika na kuivuruga supu. Soma: mchele na maji, au mchele na wanga wa muhogo. Bapa za milimita 3 ziloweke kwenye maji ya kawaida dakika 30, kisha zichovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 40. Za mviringo, kama zinazoliwa na kamba kule Hải Phòng, mji wa bandari kama wetu, huchemshwa dakika 5 hadi 8. Zote zisuuze kwa maji baridi ili wanga utoke. Usipofanya hivyo zitashikana donge. Gramu 100 kavu kwa mtu. Paketi yenye vipande vingi vilivyovunjika, iache dukani. Na usipike tambi ndani ya supu yenyewe, zitainywa yote.

Nyama ya kamba iingie mwisho kabisa, dakika 2 kwenye supu inayotetemeka tu. Akikunja kidogo ameiva. Akijifunga duara amepita. Juu weka nanaa, kotmiri, ndimu, vitunguu vya kukaanga kama vya biriani, na pojo zilizochipua. Pojo loweka saa 8, ziweke gizani siku 3, uzisuuze mara 3 kwa siku, kwani joto letu linazichachusha haraka. Supu iliyobaki iweke friji bila tambi wala kamba, na uimalize ndani ya siku 2.