Fidla ya kuchongwa kwa mkono ya mwaka 1887: miezi 7 nikiwa nayo

Naishi Leeds, na wikendi napiga fidla kwenye kikundi chetu kidogo cha taarab. Hii niliinunua mnadani kwa pauni 180, ada yao mbali. Tangazo lilisema iko tayari kupigwa. Wapi! Siku ya pili gundi ya ubavuni iliachia, na kwa fundi zikanitoka pauni 420 nyingine.

Kilichonivuta ni maandishi ya penseli ndani. Ukimulika tochi kwenye tundu la sauti unasoma jina la mtu, "ya 3", 1887. Fidla nyingi za zama zile zilitoka viwandani, Mirecourt kule Ufaransa au Markneukirchen, Ujerumani, zimebandikwa karatasi yenye jina la Stradivarius, yule fundi maarufu wa Italia, bila haya. Huyu bwana alichonga kwa mapenzi yake, akaandika lake.

Na hakufundishwa, hilo halifichiki. Ule mstari wa pembezoni, ambao kwa kawaida ni utepe mwembamba wa mbao uliozamishwa kwenye mfereji, yeye kauchora kwa wino. Matundu ya sauti hayalingani. La kulia limelegea kama jicho la mtu anayesinzia. Mwili una milimita 362, wakati kawaida ni kama 355, na nyuzi nazo zimerefuka. Wiki mbili za mwanzo kila kidole changu kilitua chini ya sauti niliyoitaka.

Fundi alipofungua uso, yaani ubao wa juu (gundi ya zamani ya ngozi inaachia kwa kisu chembamba na subira) tukaukuta una milimita 5 katikati. Kwa kawaida ni kama 3. Akaniuliza: niupunguze? Sauti ingefunguka, alisema. Nikalala nalo siku tatu, mwisho nikamwambia auache. Alama za patasi zimejaa mle ndani kama njia za mchwa, na sikuweza kumlipa mtu azifute. Akatia kabari chini ya ubao wa vidole ili shingo ikae sawa, akaweka daraja jipya, kile kibao kinachoinua nyuzi, basi.

Sasa sauti. Nilimrekodia ami yangu wa Unguja, jibu likaja: "Mwanangu, hiyo fidla ina mafua." Kweli inayo. Sauti ya uzi mwembamba imebanwa, na ukipiga harakaharaka sauti inachelewa kuitikia. Lakini uzi mnene! Kwenye bashraf (kipande cha taarab cha ala tupu) ya mwendo wa taratibu unanguruma vizuri kuliko fidla yangu ya kiwandani iliyonigharimu mara mbili.

Mwanafunzi asiinunue fidla ya namna hii, itampotosha vidole. Mwenye fidla nyingine ya kazi anaweza kujaribu, ila aende mnadani na rula na tochi, na bei ya fundi aijue kabla ya kunyoosha mkono. Yangu bado vigingi vya kukazia nyuzi vinateleza kila nikiwasha hita.