Shule ya mwanangu imepewa "hairidhishi" na wathibiti ubora, haya ndio maoni yangu

Naipa nyota mbili kati ya tano na nitaeleza kwa nini, maana saa hizi wazazi wengi wanatafuta nafasi za Januari na najua hii shule watu wengi wa huku Dar, Tabata, Segerea mpaka Kinyerezi wanaifikiria. Jina siweki kwa sababu mtoto wangu bado yupo pale na shule imepewa muda wa kurekebisha. Ila ni zile inglishi midiamu za mtu binafsi tunazozijua wote, awali mpaka darasa la saba, gari la shule, uji saa nne, ada milioni moja na laki nane kwa mwaka hapo hujalipa gari wala chakula, na geti limepakwa rangi vizuri lina bango kubwa la matokeo ya darasa la saba.

Wathibiti ubora (watu wa serikali wanaokagua shule, wengi bado tunawaita wakaguzi) walikuja muhula uliopita na kwa kweli walifanya kazi. Waliingia madarasani wakakaa nyuma wakaangalia ticha anavyofundisha, wakafungua madaftari ya watoto, wakaomba maandalio ya somo na maazimio ya kazi, wakahesabu matundu ya vyoo, wakaongea na watoto bila walimu kuwepo na wakaita na wazazi wachache. Juzi Jumamosi ndio tukaitwa kikao kusomewa matokeo. Ufundishaji hairidhishi, mazingira na usalama wa watoto hairidhishi, uongozi hairidhishi, kilichopona ni matokeo ya mitihani tu.

Yaani ukumbi ulilipuka. Nusu ya wazazi walikasirikia shule na nusu nyingine wakawakasirikia wakaguzi, na hapa ndio mimi nina la kusema. Kuna baba mmoja alisimama akasema hii ni hujuma, shule jirani wanatuonea wivu wameenda kutuchoma, haiwezekani shule ambayo darasa la saba wote wanapata A na B iambiwe hairidhishi, akapigiwa makofi. Mkurugenzi wa shule naye akadandia hapohapo akasema ni changamoto ndogondogo na zinafanyiwa kazi, tusiwe na presha. Kwenye grupu la wasapu ikawa hivyohivyo mpaka usiku, voisi noti za dakika tano tano, admini akafunga grupu.

Sasa jamani tuongee taratibu. Mtihani wa darasa la saba ni masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, na A inaanzia 41. Mtoto anayekaa kwenye ule mtihani pale shuleni kwetu ni yule aliyebaki. Kabla hajafika la saba ameshachujwa, darasa la nne kuna wastani wa shule, la tano kuna wastani wa shule, asiyefikisha mzazi anaitwa ofisini anaambiwa kwa upole mama huyu mtoto akariri darasa au mumtafutie shule inayomfaa. Mwaka 2018 wizara ilishakataza shule binafsi kukaririsha au kuhamisha watoto kwa kigezo cha wastani wao wa ndani lakini hayo maneno ya ofisini hayaandikwi popote, unaambiwa kwa mdomo na unaondoka na mtoto wako analia. Wakishabaki wale wanaojiweza wanawekewa walimu bora wote, kambi, mitihani ya kila wiki, masomo mpaka jioni, unategemea nini zaidi ya A? Hilo bango la getini linakwambia habari za hao watoto wachache tu. La mtoto wa miaka saba aliyebanwa kwenye benchi darasa la pili halisemi chochote, na huyo ndio wengi wetu tunaye pale.

Wakaguzi waliwaangalia hawa wa chini. Darasa la kwanza wamo zaidi ya sitini chumba kimoja wakati kiwango cha serikali ni watoto 45 kwa mwalimu, na sisi tunalipa milioni ili kukimbia msongamano wa shule za serikali. Walimu wa madarasa ya chini kadhaa hawana cheti chochote cha ualimu, ni vijana waliomaliza kidato cha sita wanasubiri chuo. Wazuri wale vijana, wapole, binti yangu anawapenda, lakini kumfundisha mtoto kusoma kwa mara ya kwanza ni utaalamu watu wanausomea na wale hawajausomea. Alafu hawakai. Mwenye cheti naye ajira za serikali zikitoka anaondoka hata katikati ya muhula, asiyepata ajira anaondoka kwa sababu mshahara unachelewa, hili la mshahara tumelisikia kwa walimu wenyewe na kwenye ripoti limeandikwa. Kwahiyo mtoto mwaka mmoja anabadilishiwa ticha wa hesabu mara kwa mara na kila anayekuja anaanza upya.

Ripoti inasema watoto wa darasa la tatu wengi wanasoma Kiingereza kwa sauti nzuri kabisa lakini wakiulizwa habari inahusu nini hawajui. Nilipofika nyumbani nikamchukua binti yangu yupo la tatu nikampa kitabu chake mwenyewe cha shule, akasoma ukurasa mzima bila kukwama, nikamuuliza kwa Kiswahili huyo mtoto kwenye hadithi alienda wapi akaniangalia tu. Nikampa gazeti la Kiswahili asome kichwa cha habari akawa anaunga herufi moja moja. KKK ndio msingi wa kila kitu, kusoma kuandika kuhesabu, na hapa mtoto anakariri sauti. Na ticha mmoja kwenye kikao alisema mbona wakifika la tano wanakaa sawa. Labda zamani. Mtaala mpya ulioanza 2024 elimu ya msingi inakuwa miaka sita badala ya saba, ina maana huo mwaka mzima waliokuwa wanautumia kuwakamua watoto dakika za mwisho hautakuwepo, kama la kwanza na la pili hawajajengwa vizuri muda wa kufidia utatoka wapi? Hili swali niliuliza na sikujibiwa.

Vyoo. Jamani vyoo. Kiwango kinachojulikana ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule ina wasichana karibu mia tatu, piga hesabu mwenyewe inatakiwa matundu kumi na tano, yapo sita na mawili kati ya hayo mlango haufungi. Maji yakikatika mtaani na simtanki ikiisha hakuna kitu. Binti yangu alikuwa anarudi nyumbani anakimbilia chooni kabla hata ya kuvua begi, kila siku, na mama mmoja aliyekaa pembeni yangu kwenye kikao akasema wa kwake hanywi maji kabisa akiwa shule ili asiende chooni na ameshatibiwa yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo) mara mbili. Hapo ndio mama zaidi ya kumi wakaanza kusema na wa kwangu, na wa kwangu. Wazazi waliokuwa wanapiga makofi mwanzo walinyamaza kidogo hapo, na wengi waliokuwa wanapiga makofi kusema ukweli walikuwa kina baba, sina nia mbaya ila ndio nilichokiona.

Kingine kilichoniuma ni viboko. Waraka namba 24 wa mwaka 2002 uko wazi, viboko visizidi vinne, anayetoa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemteua kwa maandishi, mtoto wa kike achapwe na mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye kitabu na kusainiwa. Wakaguzi wakaomba kitabu cha adhabu, kikaletwa, kitupu. Halafu wakaongea na watoto faragha na watoto wakasema wanachapwa karibu kila siku, kwa kuchelewa, kwa kuongea Kiswahili, kwa kukosa hesabu, na anayechapa ni ticha yeyote aliyepo darasani na fimbo yake. Mimi binafsi viboko sivitaki kabisa na najua wazazi wenzangu wengi hapo hatuko pamoja, sawa, tubishane siku nyingine. Lakini hata wewe unayevitaka, mtoto wa darasa la kwanza anachapwa na kijana wa miaka ishirini asiye na cheti cha ualimu kwa sababu ameomba maji kwa Kiswahili, hilo unalikubali? Mwalimu mkuu aliulizwa hili mbele ya wote akasema atalifuatilia. Kitabu ni chake, kalamu ni yake, anamfuatilia nani?

Nyota mbili nilizotoa zina wenyewe. Moja ni ya gari la shule. Dereva ni mtu mzima hakimbizi, watoto wanakaa kila mtu na siti yake, na dada wa gari hamkabidhi mtoto kwa mtu asiyemjua, siku nilimtuma shemeji yangu akampokee akakataa mpaka akanipigia simu, nilishukuru sana. Tatizo ni muda tu, binti yangu anapitiwa saa kumi na moja na nusu alfajiri bado giza analala njiani, lakini foleni ya Dar tunaijua hilo siwalaumu. Nyota ya pili ni ya madam wa awali, ana cheti, ana miaka mingi kwenye kazi, darasa lake wakaguzi walilisifu na ripoti imelitaja kama mfano, watoto wanaotoka kwake wanajua kusoma. Sasa najiuliza kwa nini mtu kama huyu asipewe kazi ya kuwaelekeza hawa vijana wa la kwanza na la pili, si yupo hapohapo ndani ya geti.

Uji mzuri pia, chakula cha mchana cha kawaida, wali maharage.

Kuhusu uongozi, kilichonifanya nishushe kabisa ni namna walivyotuletea hiyo ripoti. Tulisomewa kurasa mbili za muhtasari. Baba mmoja mstaafu, mzee wetu mtaratibu sana, akaomba wazazi tupewe nakala nzima au ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, mkurugenzi akasema ni nyaraka ya ndani. Ya ndani kivipi wakati ushirikishwaji wa wazazi ni moja ya mambo ambayo wathibiti ubora wanayapima? Mimi nimeyajua mengi haya kwa sababu mmoja wa wazazi walioitwa kuongea na wakaguzi ni mjumbe wa kamati ya shule na aliisoma ripoti yote, akasimama akayasema pale mbele bila kuogopa. Bila yeye tungeondoka na changamoto ndogondogo.

Na wale mnaosema tuwahamishie watoto shule za serikali, nimelifikiria hilo kwa moyo wote. Ada hakuna, walimu wana vyeti vyao, mtoto wa jirani yangu la tatu anasoma Kiswahili vizuri sana kuliko wangu. Lakini darasani kwao wapo zaidi ya mia na wanaingia kwa zamu, asubuhi wengine mchana wengine, na mimi na mume wangu wote tunarudi usiku, mtoto wa zamu ya asubuhi akitoka saa sita anakaa na nani? Kwahiyo siwasemi vibaya waliobaki wala waliohama, kila mtu na ratiba ya nyumba yake. Ninachowaomba wazazi wenzangu mliobaki ni tusiwagombeze wakaguzi. Mtu amekuja kukuhesabia vyoo vya mwanao bure halafu unamwita mnafiki, alafu aliyekula ada yako unampigia makofi, hapana kwa kweli.

Tulichokubaliana mwisho wa kikao, baada ya kelele nyingi, ni matundu tisa mapya ya vyoo yajengwe kabla ya muhula kuisha, la kwanza ligawanywe mikondo miwili, na fimbo zitolewe madarasani kuanzia Jumatatu. Jumatatu nilimuuliza binti yangu akasema fimbo ya darasani kwao haipo, ya la nne ipo. Vyoo mpaka leo sijaona hata tofali. La kwanza limegawanywa kweli lakini mkondo wa pili amepewa kijana mwingine wa kidato cha sita.

Fomu za Januari wanauza elfu ishirini pale getini na intavyuu ni Jumamosi. Kama unataka kupeleka mtoto, kabla hujalipa awamu ya kwanza waombe wakuoneshe ripoti nzima sio zile kurasa mbili, waulize mwalimu wa darasa la kwanza ana cheti gani na yupo pale tangu lini, na uende siku ya kazi saa nne wakati wa mapumziko ukaone foleni ya vyoo vya wasichana. Wakikuzungusha, ofisi ya Mthibiti Mkuu Ubora wa Shule ipo kila wilaya, kaulize pale. Sisi kikao kingine kimepangwa kabla shule hazijafungwa, nikikuta matundu bado ni sita binti yangu anahama, nimeshaongea na shule nyingine Kimanga na nafasi wananishikia mpaka mwezi wa kumi na mbili.