Servisi ya kawaida: kwa wakala Dar au gereji ya Ngamiani?

Jamani wenye Toyota IST mlioko Tanga, kwa servisi ya kawaida mi nabaki na gereji yangu hapa Ngamiani, naipa nyota nne kwa tano. Kwenda kwa wakala wa Toyota Dar ni kilomita kama 350, mafuta juu yako, siku nzima imeisha, halafu kazi yenyewe ni kubadilisha oili na filta tu. Na gari zetu nyingi zimekuja mtumba kutoka Japani, waranti ya wakala hazina, sasa unaenda kulinda nini?

Fundi wa hapa unaenda na oili yako mwenyewe, anafungua galoni mbele yako, injini ya 1NZ, ile ya IST za cc 1500, inachukua kama lita 3.7 ukibadilisha na filta na hilo analijua bila kuuliza, na kikubwa anaingia chini ya gari kucheki kutu, maana chumvi ya bahari huku inakula mabomba ya breki na egzosi kimyakimya, hiki ndo kinanirudisha kwake kila mara. Nyota moja nimeitoa kwa sababu risiti mpaka umkumbushe, na mwenye gari jipya lenye waranti anahitaji risiti yenye tarehe na kilomita.

Giaboksi ndo usimpe yeyote tu, IST za mwanzo zinataka oili ya giaboksi ya otomatiki aina ya ATF Type T-IV, akikwambia oili zote sawa ondoka zako. Na taa ya eabegi (mfuko wa hewa) ikiwaka usimpe mtu wa kubahatisha, hapo kweli funga safari kwa wakala, na namba ya chesisi uende nayo.