Tahadhari: Muuzaji wa "dhahabu ya Mwingereza" jijini Mwanza

Ndugu wakazi wa Mwanza, pamoja nanyi mnaovuka kutoka Ukerewe na Sengerema kuja kununua mapambo ya harusi, jihadharini na muuzaji anayepita madukani na majumbani, hasa Kirumba na Makoroboi, akiuza pete, bangili na cheni anazodai ni dhahabu ya karati 22 iliyoachwa na familia za Waingereza na Wahindi tangu enzi za ukoloni. Humpa mteja lenzi achungulie alama zilizogongwa kwa ndani, kisha humsomea mwaka kutoka kwenye jedwali la herufi lililo katika simu yake. Mteja akishaziona alama kwa macho yake mwenyewe, huamini na maelezo yote yanayofuata.

Nimevikagua baadhi ya vitu walivyouziwa majirani zangu, na alama zilizomo zinampinga muuzaji mwenyewe. Pete moja, anayosema ni ya mwaka 1936, ina taji, namba 750 na nanga. Nanga, kwa maelezo yake, ni ishara kwamba pete ililetwa kwa meli hadi bandari yetu. Huo ni uongo. Nanga ni alama ya ofisi ya ukaguzi wa dhahabu na fedha ya Birmingham, Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1773 katika mji ulio mbali na bahari, kama vile London inavyotumia kichwa cha chui. Namba 750 inamaanisha sehemu 750 za dhahabu katika kila 1,000, yaani karati 18, wala si 22. Tena Waingereza walianza kugonga 750 pamoja na taji mwaka 1975. Kabla ya hapo pete ya aina hiyo iligongwa taji na namba 18. Hata ingekuwa halisi, isingeweza kuwa ya mwaka anaoutaja.

Jedwali lake nalo linapotosha. Kabla ya 1975 kila ofisi ya Uingereza ilikuwa na mfuatano wake wa herufi za miaka, na herufi zilipokwisha zilianza upya kwa mwandiko au umbo jingine la fremu, hivyo herufi moja ikisomwa bila kutazama alama ya mji na umbo lake inaweza kuangukia miaka mingi tofauti. Yeye huchagua mwaka unaompendeza mteja.

Bangili "ya mfanyabiashara wa Kihindi wa miaka ya 1940" ina 916, yaani karati 22, na alama ya pembetatu ya shirika la viwango la India, ilhali shirika hilo lilianza kugonga dhahabu mwaka 2000. Kuna pia pete zenye 375, ambayo ni karati 9: dhahabu iliyomo haifikii hata nusu ya ile ya karati 22, lakini bei anayodai ni ya 22. Ukiona GP, HGE au RGP, hicho ni chuma kingine kilichopakwa dhahabu juu tu.

Hila inayoniudhi zaidi ni ya cheni, kwa sababu huwanasa hata waangalifu. Kifungio ni cha dhahabu halisi chenye muhuri halisi, kikiwa kimeunganishwa kwenye cheni ya shaba iliyochovywa. Ukimpelekea sonara, mwombe apime mwili wa cheni pia, si kifungio peke yake. Sumaku haitoshi, maana shaba hainaswi na sumaku. Kipimo cha maji kinafaa zaidi kwa pete na bangili zisizo na vito wala uwazi ndani: kitu hupimwa kikiwa kikavu, kisha kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji, na uzito wa kikavu hugawanywa kwa uzito uliopungua. Dhahabu ya karati 22 ina uzito wa takriban mara 17 hadi 18 ya maji ya ujazo uleule, wakati shaba haifiki mara 9.

Anayekataa kuongozana nawe hadi kwa sonara unayemchagua wewe, au kukupa risiti yenye uzito na karati, usimpe fedha. Kwa mliokwisha kununua, msiviyeyushe wala kuving'arisha vitu hivyo. Vipelekeni kituo cha polisi vikiwa na alama zake zote, pamoja na jumbe za simu na kumbukumbu za malipo.