Before They Are Hanged: Kitabu cha Pili Kimenigawa Moyo

Habari zenu, wapenzi wa vitabu. Hiki mnachokiona mkononi mwangu ni Before They Are Hanged cha Joe Abercrombie, kitabu cha pili katika utatu wa riwaya za fantasia uitwao First Law. Cha kwanza kilitoka 2006, hiki 2007, cha mwisho 2008. Nimekimaliza jana usiku na mpaka sasa hivi sijatulia. Nimekipenda sana, na kimeniudhi sana.

Kama hujasoma cha kwanza, usianzie hapa, utapotea. Mwandishi hakukumbushi nani ni nani.

Safari tatu zinakwenda kwa pamoja. Kusini, Glokta anatumwa kuulinda mji wa Dagoska dhidi ya jeshi la himaya ya Gurkhul. Kaskazini kwenye theluji, Kanali West yuko vitani chini ya mwanamfalme asiyejua lolote kuhusu vita. Na mchawi mkongwe Bayaz anaongoza kikundi cha watu wasioelewana hadi ukingo wa dunia, kutafuta kitu kinachoitwa Mbegu.

Nianze na Dagoska, maana huko ndiko kitabu kinakopumua. Mnamkumbuka Glokta? Bingwa wa upanga, kijana mzuri mwenye maringo, akatekwa na hao hao wa Gurkhul wakamtesa miaka miwili. Akarudi kilema. Meno yamebaki machache, chakula kigumu hakiwezi, na ngazi anazichukia kuliko adui yeyote. Kisha kazi yake ikawa kutesa wenzake. Mtu huyu ndiye anayefika kwenye mji ambao wenyeji wake wamebanwa mji wa chini, mji wa juu hawaruhusiwi kukanyaga, na hekalu lao kuu limegeuzwa mahali pa biashara. Halafu wakubwa wanashangaa kwa nini watu hao hawataki kufa ukutani kwa ajili yao! Glokta analiona tatizo siku ile ile anayofika. Anawarudishia hekalu. Ni huruma au ni hesabu? Sura ile nimeirudia mara mbili, na naamini hata yeye mwenyewe hajui. Kurasa chache mbele anamtesa mtu, na wewe msomaji unajikuta uko upande wake, unaona aibu. Nilisoma sehemu hiyo nikiwa nimekaa wima kitandani, usingizi umekimbia.

Kaskazini ni kuzuri pia. West ni mtu mwema mwenye hasira mbaya, na vita vinamla taratibu. Ila nina malalamiko. Cathil, yule mwanamke mfungwa anayesafiri na West na wenzake, hatuambiwi habari zake wala hapewi nafasi ya kusema. Naona amewekwa pale ili hasira za wanaume zipate sababu. Mwandishi anayeweza kumchora Glokta kwa undani ule, huyu angemshindaje?

Sasa, safari ya Bayaz. Jamani, wanatembea! Nyasi, mvua, moto wa usiku, ugomvi, kesho tena nyasi. Ferro, mwanamke mpiganaji wa kikundi hicho, kwa karibu nusu ya kitabu ana hasira na hana kingine, mpaka nikawa naruka macho nikimwona anafungua mdomo. Kilichoniokoa ni Jezal. Yule tausi wa kitabu cha kwanza, mshindi wa mashindano ya upanga, anapigwa rungu la uso na taya linavunjika. Analala kwenye mkokoteni akinyweshwa vitu laini, hawezi kutafuna. Hapo nikashtuka: bingwa wa upanga asiyeweza kutafuna! Ni Glokta mwingine huyu, kasoro sumu moyoni. Na anayemuuguza ni Logen, muuaji mwenye jina la kutisha kuliko wote. Kurasa hizo zilinilipa nyasi zote.

Kuanzia hapa namwaga mtama. Kama hujakisoma, simamisha video, nenda, utanikuta.

Wanafika ukingo wa dunia. Sanduku linafunguliwa. Ndani mna jiwe. Mbegu haimo, ni jiwe la kawaida tu. Nilifunga kitabu nikakiweka mbali. Kurasa mamia za kutembea, halafu jiwe! Naelewa anachofanya, anavunja ile ahadi ya hadithi za zamani kwamba ukiteseka vya kutosha lazima utapata ulichokifuata. Naelewa na bado nina hasira, maana kitabu kisicho na mwisho wake kinanifanya nikitegemee cha tatu kwa kila kitu. Wasafiri wamebadilika njiani, hilo ni kweli, lakini Logen na Ferro waliposogeleana nilitaka tukae nao zaidi pale, tupunguziwe nyasi.

Usiku ndipo nikarudi kwenye jina la kitabu. Limetoka kwenye maneno ya mshairi Mjerumani Heinrich Heine, kwamba tuwasamehe maadui zetu, lakini si kabla hawajanyongwa. Nikamkumbuka Carlot dan Eider, yule mwanamke mkuu wa wafanyabiashara wa viungo kule Dagoska. Amesaliti mji, ushahidi upo, na Glokta amewaua wengine kwa makosa madogo kuliko hayo. Anamwachia aende zake akiwa hai. Mtesaji ndiye anayesamehe kabla ya kitanzi, kwa siri, huku akijua kwamba mkubwa wake akigundua, shingo itakayotafutwa ni yake. Anajiuliza kwa nini amefanya hivyo, na kitabu hakimjibu.

Cha tatu kiko hapa mezani. Nafungua leo leo.