Mhadhara wa nyota hifadhini, na wakawasha projekta!

Nilitoa nyota moja kati ya tano, nikaifuta, nikaandika nne. Sasa hata sijui. Soma kwanza.

Mihadhara ya jioni hapo hifadhini ni mitatu. Ule wa popo sina neno. Wa historia ya watu walioishi humo kabla eneo halijatangazwa hifadhi ni mzuri, ila mfupi mno. Ugomvi wangu uko kwenye ule wa nyota.

Mwezi ulikuwa mchanga na umeshazama, wingu hakuna, mwanga wa mji hauonekani upande wowote. Wao wakatundika shuka jeupe, wakawasha projekta, wakatuonyesha PICHA ya Njia Nyeupe. Yenyewe imetanda juu ya vichwa vyetu!

Jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza sawasawa. Chembe zinazoona gizani hutegemea kemikali iitwayo rodopsini, na mwanga mkali mweupe huivunja papo hapo. Ukimulikwa kidogo tu, unaanza kuhesabu upya. Sasa piga hesabu ya slaidi mpya kila baada ya dakika mbili. Juu ya hapo mzungumzaji kavaa taa ya kichwani, nyeupe pee, na kila akijibu swali anamgeukia muulizaji na kummulika machoni. Mzee mmoja alimwomba kwa upole aizime. Akajibiwa: "Mzee, kama mwanga unakusumbua si ukalale tu?" Shikamoo hakutoa, samahani hakusema. Na dawa yenyewe ni kipande cha nailoni nyekundu, kukikunja mara mbili na kukibana kwenye taa kwa mpira! Mwanga mwekundu hafifu hauivurugi sana rodopsini, na maandishi unayasoma vizuri.

Jenereta nalo. Waliliweka upande upepo unakotokea, moshi na ngurumo vyote vikatujia sisi. Waya wa kuongezea umeme ulikuwa mrefu wa kutosha kulipeleka mbali kabisa, lakini walivuta mita chache tu, uliobaki wakauacha umezungushwa kwenye gurudumu lake. Kwenye waya huohuo wakachomeka projekta, spika na birika kubwa la chai. Birika la namna hiyo peke yake hula kilowati 2 hivi. Waya uliozungushwa haupumui: joto hujikusanya katikati, plastiki inaanza kulainika, na kama gurudumu lina swichi ya usalama, inakata. Hili lilikuwa nayo. Ikakata.

Watu wakaguna. Na hapa lazima nimtendee haki yule yule niliyemlaani, maana bila slaidi alikuwa mtu mwingine. Akazima taa ya kichwani, akatuambia tuhesabu nyota za Kilimia. Wengi tukasema nne. Akaendelea kuzungumza taratibu, kisha akatuambia tuhesabu tena: sita, na vijana wawili wakaapa ni saba. Hakuhitaji kutueleza rodopsini ni nini. Galaksi ya Andromeda, lile kundi kubwa mno la nyota lililo mbali sana, akatukataza kuikodolea. Utazame kando yake kidogo, kwa sababu katikati kabisa ya jicho hakuna chembe za gizani. Ikajitokeza kama alama ya kidole kwenye kioo, mwanga uliosafiri miaka milioni 2.5. Kisha akamwuliza mtoto mmoja umri wake. Miaka minane na nusu. Akamwonyesha nyota ya Shira (Sirius): "Mwanga huu uliondoka kule mama yako akiwa na mimba yako." Kimya kikatanda.

Ndiyo maana niliandika nne. Dakika kama 25 za giza, na sijapata kusikia mhadhara wa nyota ulionoga namna hiyo. Ningempa hata tano, yule mzee akubali kumsamehe.

Lakini gurudumu likawa limepoa. Fundi akabonyeza swichi, projekta ikawaka usoni petu, na slaidi iliyofuata ilikuwa picha ya Andromeda.

Moja.