Eti faili liliungua 1940: uzoefu wangu na watafiti wa kulipia wa rekodi za jeshi la Uingereza

Nyota moja. Ningetoa sifuri, ila mfumo haukubali. Jina la kampuni silitaji. Wakipita hapa watajijua.

Kazi yenyewe haikuwa ya kuumiza kichwa. Babu wa babu yake mume wangu alikuwa askari wa miguu katika Kikosi cha 68, akapelekwa vita vya Crimea (vile vya Uingereza na wenzake dhidi ya Urusi, miaka ya 1850), na baada ya hapo familia haijui lolote. Niliwapa jina, kikosi, na namba yake kama ilivyochongwa ukingoni mwa nishani. Nikalipa kifurushi cha bei ya juu, maana tangazo lao linaahidi "utafiti wa kina". Zikapita wiki kadhaa, kimya. Halafu ikaja barua pepe ya mistari michache: samahani, kumbukumbu za mhusika ziliteketea kwa mabomu ya Wajerumani mwaka 1940, asante kwa kutuchagua.

Jamani!

Moto wa 1940 upo kweli. Septemba mwaka ule bomu liliangukia ghala la Wizara ya Vita katika mtaa wa Arnside, London, na zaidi ya nusu ya mafaili yaliyokuwamo yakaungua. Lakini mafaili ya nani? Ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza, waliotumikia kati ya 1914 na 1920. Askari wa Crimea hakuwamo ghalani humo hata kwa bahati mbaya. Hati za askari wa karne ya 19 ziko salama Kew, London, kwenye The National Archives (hifadhi ya nyaraka za taifa), fungu la WO 97, kuanzia 1760 hadi 1913. WO ni War Office, yaani Wizara ya Vita. Anayefanya utafiti huu kwa kulipwa halafu asijue hilo, sijui analipwa kwa lipi.

Nikapiga simu. Aliyepokea alinisikiliza kidogo, kisha akaniambia, kwa sauti ile ya kumweleza mtoto, kwamba vita ni vita na vitu vingi vilipotea. Nikamuuliza: mmefungua fungu gani, na daftari namba ngapi? Akajibu kwamba hayo ni mambo ya ndani ya watafiti. Ya ndani! Hela imetoka kwangu, namba ya daftari ni siri yao.

Niwatendee haki kidogo. Kwenye barua ile walikuwa wameambatisha picha ya ukurasa mmoja wa orodha ya nishani za Crimea kutoka fungu la WO 100, na picha hiyo ni nzuri sana: wino unasomeka mpaka pembeni, namba ya ukurasa haikukatwa, safu zote zimo. Kwa hilo peke yake nilikaribia kupandisha mpaka nyota mbili. Orodha hizo zinaonyesha namba ya askari, cheo, jina, na alama chini ya kila pigano alilostahili kibao chake cha juu ya utepe: Alma, Inkerman, Sebastopol. Safu ya mwisho ni ya maelezo.

Sasa nikasoma safu ya mwisho. Mbele ya jina lake, kwa mkono wa karani aliyebanwa na nafasi, limeandikwa neno moja: amekufa.

Jibu walikuwa nalo mkononi! Wamelipiga picha wenyewe, wamenitumia wenyewe, hawakulisoma. Zile nyota mbili zikayeyuka palepale.

Kwa nini neno hilo ni jibu? Kwa sababu WO 97 haikuwahi kuwa orodha ya askari wote. Ni hati za kuachishwa jeshi, na kwa walioondoka kabla ya 1883 zilizobaki ni za waliopewa pensheni kupitia Royal Hospital Chelsea, taasisi ya London iliyosimamia pensheni za askari. Aliyekufa kazini hakudai pensheni, kwa hiyo usitegemee kumkuta humo. Aliyetoroka, vilevile. Aliyelipa hela aachiwe jeshini kabla ya wakati, vilevile. Kuanzia 1883 mlango unapanuka: waliomaliza mkataba na waliojinunua nao wanaingia. Kwa hiyo askari wa 1855 asipoonekana WO 97, swali la kwanza ni alitokaje jeshini. Habari za mabomu hazihusiki.

Na asipoonekana humo, kazi ndiyo kwanza inaanza. Unakwenda kwenye madaftari ya mahudhurio na mishahara, fungu la WO 12, ambayo yanafika mwishoni mwa miaka ya 1870. Baada ya hapo ni WO 16 hadi 1898. Wapiga mizinga wana WO 10, wahandisi WO 11. Haya sehemu kubwa hayatafutwi kwa jina mtandaoni, na nadhani hapo ndipo penye uvivu wa kampuni hizi: lazima mtu akae mezani afunue. Unatafuta kwenye katalogi kwa jina la kikosi na mwaka. Angalia mwaka wa madaftari hayo unaanza Aprili na kuishia Machi, kwa hiyo askari aliyekufa Februari 1855 yumo kwenye daftari la 1854/55. Wengi wanaagiza la 1855/56, wanakosa jina, wanakata tamaa.

Ndani, kila robo mwaka ina orodha yake: masajini, makoplo, wapiga ngoma, kisha askari wa kawaida. Pembeni karani anaandika alikokuwa mtu: hospitali, likizo, kizuizini. Ukiona jina lipo robo moja na halipo inayofuata, geuza mpaka mwisho wa robo, kwenye orodha ya waliotoka kikosini. Hapo ndipo kwenye hazina: tarehe na sababu ya kutoka, mahali alikozaliwa, kazi aliyokuwa akifanya kabla ya jeshi, tarehe ya kuandikishwa, mara nyingi na hela alizodai au kudaiwa. Karani hakujaza safu zote kila mara, na askari wengine mahali pa kuzaliwa pameachwa wazi. Basi unarudi nyuma mpaka robo aliyoandikishwa ukaangalie waajiriwa wapya.

Kwa Crimea kuna la ziada ambalo mtu wa "utafiti wa kina" alipaswa kulijua usingizini. Wagonjwa na majeruhi walivushwa kwa meli hadi Scutari, kwenye hospitali za jeshi karibu na Istanbul, na depo ya Scutari ina madaftari yake peke yake, WO 14, ya 1854 hadi 1856. Askari anaweza kuonekana kama amepotea kwenye daftari la kikosi kumbe yuko kule. Vivyo hivyo depo ya nyumbani Uingereza, ambako waajiriwa walikaa kabla ya kusafirishwa, ina kurasa zake.

Usiisahau namba. Ilikuwa ya kikosi. Hapakuwa na namba moja ya jeshi zima wakati ule. Askari akihama kikosi anapewa nyingine. Na 1881 vikosi vingi vya miguu viliunganishwa, na majina yakachukua nafasi ya namba: wa 68 aliungana na wa 106 wakawa Durham Light Infantry. Kwa wale mtakaouliza kuhusu mababu wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki), hao ni mlango mwingine kabisa, KAR yenyewe imeundwa 1902. Na wazungu wa jeshi la Kampuni ya East India, ile ya biashara iliyotawala India, hati zao ziko British Library, London.

Mwenye uwezo wa kufika Kew hahitaji kumlipa mtu. Kadi ya msomaji ni bure, unapeleka kitambulisho na uthibitisho wa anwani, na kupiga picha kwa simu yako ni bure pia.

Nililalamika kwa maandishi nikiwawekea haya yote, hatua kwa hatua. Wakarudisha nusu ya hela, na kwenye barua ya kurudisha wakasema wanasikitika kwamba "moto wa 1940 umeathiri wateja wengi". Baada ya yote hayo! Nikafunga kompyuta nisije nikaandika matusi.

Lakini picha ile bado naiangalia. Ni safi kuliko nyingi nilizowahi kuona za orodha za nishani. Kwa hiyo hukumu yangu naigeuza hivi: kwa utafiti, nyota moja na wasishukuru. Kwa kupiga picha, nne. Mtu aliye Mombasa au Muscat asiyeweza kufika Kew awaandikie hivi, kwa mfano wa askari wetu: WO 12, Kikosi cha 68, daftari la 1854/55, orodha za waliotoka kikosini za robo zote nne, pamoja na WO 14. Awalipe kwa picha tu, na barua yao ya maelezo asiifungue.